Hesabu Nyumbani: Namba ya Padri Mersenne



Juma hili tunawaletea namba moja tu. Ina tarakimu 21, nayo huandikwa hivi: 147 573 952 589 676 412 927. Msiogope urefu wake. Baba aliyemaliza shule ya msingi aweza kuwaeleza watoto wake habari zake jioni, na mama auzaye unga sokoni ataifahamu upesi kuliko wengine, kwa maana namba hii imezaliwa na kazi moja anayoijua sana, yaani kuongeza maradufu.

Kwa muda wa miaka 232 watu wenye elimu waliihesabu namba hii katika ukoo usio wake. Aliyeiweka humo alikuwa mtawa na padri, mtu mwema, mwenye akili kali na jina kubwa katika Ulaya yote. Leo tutaona jinsi ilivyozaliwa, ni ya ukoo gani, ni nani aliyeivunja vipande, na jinsi hesabu yake iwezavyo kuzikinga jamaa zetu na wadanganyifu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiahidi kuzidisha fedha za watu.

JINSI ILIVYOZALIWA

Mtu anaweka punje 1 ya mahindi katika kikapu siku ya kwanza. Siku ya pili anaongeza punje 2, siku ya tatu 4, siku ya nne 8, siku ya tano 16, kila siku maradufu ya jana. Tuhesabu punje zote zilizomo kikapuni. Baada ya siku 2 ni 3. Baada ya siku 3 ni 7. Baada ya siku 4 ni 15. Baada ya siku 5 ni 31. Angalieni vema: jumla ya punje zote za tangu mwanzo daima inapungua kwa 1 tu kuliko punje zitakazowekwa kesho yake. Kikapu kina 31, na kesho mtu ataleta 32. Sheria hii haikosi hata mara moja. Tafadhali ikumbukeni, kwa maana tutaihitaji mwishoni.

Baada ya siku 10 kikapu kina punje 1 023, kiasi cha kuwapikia watoto wachache. Baada ya siku 20 zimekuwa 1 048 575. Tukikadiria kwamba punje 3 zina uzito wa gramu 1, hayo ni mahindi ya kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100. Baada ya siku 30 ni punje 1 073 741 823, zaidi ya magunia 3 500. Kikapu kimekwisha kuwa ghala. Mtu huyo akiendelea mpaka siku ya 67, jumla ya punje zake ni namba yetu barabara. Nchi zote za dunia pamoja huvuna siku hizi karibu tani miliardi 1,2 za mahindi kwa mwaka. Kwa mavuno ya namna hiyo, kikapu cha siku 67 kingehitaji kazi ya wakulima wote wa dunia kwa zaidi ya miaka 40 000.

Basi, kwa maneno machache, chukueni mbili sitini na saba, zizidisheni zote pamoja, halafu ondoeni moja. Mafundi wa hesabu huandika 2⁶⁷ − 1.

KOO ZA NAMBA

Kama vile watu walivyo na koo, namba nazo zina koo zake. Mtoto wa shule ajua kwanza ukoo wa shufwa na ukoo wa witiri. Shufwa hugawanyika kwa 2, witiri huacha 1. Namba yetu inaishia na 7, basi ni witiri.

Lakini kuna mgawanyo mwingine ulio mkubwa zaidi. Chukueni maharagwe 12. Mwaweza kuyapanga katika mistari 2 ya 6, au mistari 3 ya 4. Sasa chukueni maharagwe 13. Mtajaribu kutwa nzima. Hamtapata mistari iliyo sawa, isipokuwa mstari mmoja mrefu. Namba kama 13, ambayo haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa. Namba tasa za kwanza ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19. Namba nyingine zote hujengwa kwa kuzidisha hizo, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali: 12 ni 2 × 2 × 3, 35 ni 5 × 7. Zaidi ya miaka 2 200 iliyopita, Euklide aliyefundisha katika mji wa Aleksandria alionyesha kwamba namba tasa hazina mwisho.

Hapa twapenda kuwakumbusha wasomaji jambo la nchi yetu wenyewe. Mwaka 1950, pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mtaalamu wa Ubelgiji jina lake Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo uliochorwa mikato mingi. Mfupa huo, ambao wataalamu wanaukadiria kuwa na umri wa miaka 20 000 hivi, umehifadhiwa mjini Bruxelles. Mikato imepangwa kwa vikundi katika safu tatu. Katika safu moja vikundi vina mikato 11, 13, 17 na 19, nazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Katika safu nyingine, 3 inafuatwa na 6, na 4 inafuatwa na 8, ndiyo maradufu. Wataalamu hawapatani juu ya nia ya mtu yule. Wengine wasema alihesabu miezi, wengine wasema alikuwa akicheza na namba, wengine wasema mikato ilikuwa ya kushikia mfupa vizuri tu. Sisi tunaona neno moja lililo wazi: vikundi vile vilikatwa kandokando ya ziwa letu, na mkono wa mtu aliyevitenganisha kwa uangalifu. Basi asije mtu akamwambia mtoto wa Kongo kwamba hesabu ni mambo ya wageni.

NAMBA KAMILIFU

Tangu zamani kuna koo nyingine tatu, ambazo Nikomako wa Gerasa alizieleza yapata mwaka 100 baada ya Kristu. Tuchukue namba, tutafute vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, tuvijumlishe. Vigawanyo vya 10 ni 1, 2 na 5. Jumla ni 8, haifikii 10. Basi 10 ni namba pungufu. Vigawanyo vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6. Jumla ni 16, inapita 12. Basi 12 ni namba yenye kuzidi. Lakini vigawanyo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6 barabara. Hiyo huitwa namba kamilifu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Mji wa Mungu, aliitaja namba hiyo alipofasiri habari ya siku sita za uumbaji, akifundisha kwamba ukamilifu wa kazi ya Mungu unaonyeshwa na ukamilifu wa 6.

Namba kamilifu ni adimu. Watu wa kale walizijua nne tu: 6, 28, 496 na 8 128. Mtoto aweza kuihakiki ya pili: 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28.

Sasa tazameni jinsi zinavyohusiana na kikapu chetu cha mahindi. Euklide alionyesha hivi: jumla ya kikapu ikiwa ni namba tasa, izidishe kwa punje za siku ya mwisho, utapata namba kamilifu. Baada ya siku 2 jumla ni 3, na siku ya mwisho ziliwekwa 2: 2 × 3 = 6. Baada ya siku 3: 4 × 7 = 28. Baada ya siku 5: 16 × 31 = 496. Baada ya siku 7: 64 × 127 = 8 128. Lakini baada ya siku 4 jumla ni 15, nayo si tasa kwa sababu ni 3 × 5; siku ya nne haitoi kitu. Kwa hiyo yeyote atakaye kuzijua namba kamilifu za namna hiyo yampasa kwanza kujua ni siku zipi ambazo jumla ya kikapu ni tasa.

PADRI NA ORODHA YAKE

Marin Mersenne alizaliwa nchini Ufaransa mwaka 1588. Alisoma katika koleji ya Wayezuiti ya La Flèche, akaingia katika shirika la Waminimi, ambalo mwanzilishi wake ni Mtakatifu Fransisko wa Paola, akapewa upadri. Aliishi katika konventi ya shirika lake mjini Paris mpaka alipokufa mwaka 1648. Wakati ule hapakuwa na magazeti ya elimu. Chumba chake cha utawa kilikuwa kama posta ya wataalamu: alimwandikia huyu, akampelekea mwingine jibu, akawapatanisha waliogombana. Descartes, Fermat na Torricelli walikuwa miongoni mwa waandikiani wake, na kwa juhudi yake kazi ya Galileo juu ya mashini ilitolewa kwa Kifaransa mwaka 1634.

Mwaka 1644 Padri Mersenne alipiga chapa kitabu ambamo alitaja siku za kikapu zinazotoa namba tasa, mpaka siku ya 257. Alisema ni hizi: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, wala hakuna nyingine. Ndiyo sababu namba za namna hii zinaitwa mpaka leo namba za Mersenne.

Alijuaje? Hakueleza. Tena hakuna mtu wa wakati wake aliyeweza kuhakiki namba yenye tarakimu 21, sembuse ile ya mwisho yenye tarakimu 78. Watu walilipokea neno lake kwa heshima, wakaliandika tena na tena katika vitabu.

Mwaka 1640 Fermat, aliyekuwa mshauri katika baraza la hukumu la Toulouse, alikuwa amempelekea Mersenne sheria nzuri. Siku za kikapu zikiwa ni namba tasa, chukua maradufu ya siku hizo. Kila kigawanyo cha jumla ya kikapu huacha 1 kikigawanywa kwa maradufu hayo. Kwa mfano, siku ya 11 jumla ni 2 047. Maradufu ya 11 ni 22. Tujaribu 22 + 1, yaani 23. Na kweli, 2 047 ni 23 × 89. Nayo 89 ni 22 mara 4, na 1 juu yake.

Kwa namba yetu, maradufu ya 67 ni 134. Basi yafaa kujaribu 135, halafu 269, halafu 403, na kuendelea hivyo. Njia ni nyofu, lakini ndefu kupita kiasi. Kigawanyo cha kwanza hakionekani mpaka hatua ya 1 445 580. Mtu angefanya hatua moja kila dakika, saa 8 kila siku, bila kupumzika hata siku moja, angefika baada ya miaka zaidi ya 8. Wenye elimu wanayo sheria nyingine ya kuondoa nusu ya hatua hizo. Hata hivyo kazi inabaki ya miaka.

LUCAS, KISHA COLE

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alifanya jambo la ajabu. Alipata njia ya kujua kama namba ya Mersenne ni tasa au siyo, bila kutafuta kigawanyo chochote. Njia hiyo, kama ilivyorahisishwa na Mmarekani Lehmer mwaka 1930, twaweza kuionyesha kwa 31. Anza na 4. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, ondoa 2: unapata 14. Fanya vile vile na 14: unapata 194. Gawa kwa 31, ushike baki tu: 8. Fanya tena: 8 × 8 ni 64, ondoa 2, ni 62, nayo hugawanyika kwa 31 bila baki. Mwisho ni 0, basi 31 ni tasa. Idadi ya hatua ni siku za kikapu kasoro 2. Kwa siku 5 ni hatua 3. Mwisho usipokuwa 0, namba si tasa.

Lucas aliona kwamba siku ya 127 inatoa namba tasa kweli, yenye tarakimu 39. Kwa muda wa miaka 75 hapakupatikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo. Lakini juu ya siku ya 67 aliona kwamba Padri Mersenne alikosea. Namba yetu si tasa. Kumbe ina vigawanyo! Lakini vipi? Njia ya Lucas haikusema. Ilikuwa kama mtu aliyesikia sauti nyumbani. Ajua mna watu, asiwajue ni nani.

Jibu lilikuja tarehe 31 Oktoba 1903. Siku hiyo wataalamu wa hesabu wa Marekani walikutana mjini New York, na mwalimu Frank Nelson Cole wa chuo kikuu cha Columbia aliitwa kusema. Wanasimulia kwamba hakusema neno. Alikwenda ubaoni, akahesabu 2⁶⁷ − 1 kwa chaki. Kisha akasogea upande wa pili, akaandika

193 707 721 × 761 838 257 287

akazidisha polepole, mstari kwa mstari. Majibu mawili yalikuwa sawasawa. Akarudi kuketi, na watu wote wakampigia makofi. Wanasimulia pia kwamba alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kwamba ilikuwa Jumapili za miaka mitatu. Wasomaji wetu wasiyatumie masimulizi haya kuwa udhuru wa kukosa Misa! Mafundisho ya kale ya Kanisa yalikataza siku ya Bwana kazi nzito za mikono. Kuitumia akili kwa utulivu, baada ya kumwabudu Mungu, hakukukatazwa.

Kati ya wale waliosahihisha orodha alikuwamo padri mwingine. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, padri wa Kanisa la Kiorthodoksi nchini Urusi, alionyesha kwamba siku ya 61, ambayo Mersenne aliiacha, inatoa namba tasa. Baadaye zilionekana na siku za 89 na 107, ambazo nazo ziliachwa, na ikajulikana kwamba siku ya 257 haikustahili kuwamo. Mwaka 1947 orodha yote ilikuwa imekwisha kukaguliwa. Makosa yalikuwa matano.

TUHAKIKI WENYEWE

Wazazi waliosoma zamani wanakumbuka ule uhakikisho wa tisa ambao walimu walitufundisha baada ya kuzidisha. Hebu tuutumie. Jumlisheni tarakimu za 193 707 721: ni 37, na 3 + 7 ni 10, na 1 + 0 ni 1. Jumlisheni za 761 838 257 287: ni 64, halafu 10, halafu 1. Mara 1 kwa 1 ni 1. Sasa jumlisheni tarakimu 21 za namba yetu: ni 109, halafu 10, halafu 1. Zimepatana. Lakini kumbukeni: uhakikisho wa tisa waweza kufichua kosa, hauwezi kuthibitisha kwamba hakuna kosa. Atakaye yakini na achukue karatasi, azidishe mwenyewe. Kijana mwangalifu atamaliza kwa jioni moja kazi iliyomchukua Cole miaka mitatu kuitafuta.

Tofauti hiyo ni kubwa, tena ina faida yake. Kuzidisha namba tasa mbili ni kazi nyepesi. Kuzitafuta tena baada ya kuzidishwa ni kazi ngumu. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walitumia jambo hilo kutengeneza kufuli la siri. Siku hizi barua na fedha nyingi zipitazo kwenye intaneti hulindwa na namba za jinsi hiyo, zenye tarakimu zaidi ya 600. Namba yetu ya tarakimu 21 haifai tena kwa ulinzi. Kompyuta ndogo huivunja kwa kufumba na kufumbua.

Sasa twaweza kuiandikia namba yetu kitambulisho chake. Ni witiri. Ni namba ya Mersenne, kikapu cha siku 67. Si tasa, ni zao la namba tasa mbili tu, zilizo mbalimbali. Vigawanyo vyake vyote ni vinne: 1, zile mbili, na yenyewe. Vile vitatu vilivyo vidogo kuliko yenyewe, jumla yake ni 762 031 965 009, kidogo kabisa mbele ya ukubwa wake. Basi ni namba pungufu. Tena, kwa kuwa si tasa, haizai namba kamilifu.

Kazi yenyewe haijaisha. Mwezi wa Oktoba 2024 ilipatikana namba tasa ya siku ya 136 279 841, yenye tarakimu 41 024 320. Waliofanikisha kazi hiyo ni watu wengi wa kujitolea, ambao tangu mwaka 1996 wanaunganisha kompyuta zao kuzitafuta namba za Mersenne. Hiyo ilikuwa ya 52.

FUNZO KWA JAMAA

Kwanza, juu ya heshima na ukaguzi. Tunamsadiki Mungu kwa sababu ni Mungu, hawezi kudanganyika wala kudanganya. Lakini hesabu ya mtu, awe tajiri, awe mwalimu, awe padri, yafaa kukaguliwa, na kuikagua si kumdharau. Jina la Mersenne halikuanguka kwa makosa yale matano. Orodha yake iliwapa watu kazi njema kwa miaka mia tatu. Mtoto akimwonyesha baba yake kwamba amekosea kujumlisha gharama za nyumba, baba asikasirike. Na amshukuru mtoto, asahihishe.

Pili, juu ya wadanganyifu. Mtu anakuja na maneno matamu: toa fedha kidogo, leta rafiki wawili, nao kila mmoja alete wawili, na fedha yako itarudi nyingi. Jamaa ngapi zimepoteza karo ya watoto kwa njia hiyo! Mwekeni huyo katika kikapu chetu. Mstari wa kwanza mtu 1, wa pili 2, wa tatu 4, wa nne 8. Katika mstari wa 27 watu wote pamoja yapasa wawe 134 217 727, kupita watu wote wa Kongo, pamoja na watoto wachanga. Katika mstari wa 33 yapasa wawe 8 589 934 591, kupita wanadamu wote walio hai duniani. Basi mchezo huo lazima ukatike, na ukatike mapema.

Ukikatika, ni nani anayeumia? Hapo ikumbukeni ile sheria ya kikapu: mstari wa mwisho unazidi kwa mtu 1 mistari yote iliyotangulia. Ukikatika katika mstari wa 10, walio chini ni 512, na walio juu yao wote ni 511. Waliotoa fedha zao bila kupata mtu wa kuwafuata ni zaidi ya nusu, mahali popote mchezo utakapokatika. Tena wale 511 hawakupata faida kutoka shambani wala kiwandani. Walichopata ni fedha ya wale 512, ambao mara nyingi ni jirani zao, ndugu zao, wakristu wenzao wa parokia moja. Amri ya saba haibadiliki kwa sababu mwizi amevaa suti. Mama aliyejifunza kuhesabu punje 1, 2, 4, 8 hahitaji kubishana na mgeni wa namna hiyo. Ampe kikapu na mahindi, amwambie: Hesabu mbele yangu, tuone utafika wapi.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: wavulana na wasichana, wote wapewe nafasi ya kujifunza hesabu. Msichana akipenda namba, asiambiwe kwamba hazimfai jikoni. Zitamlinda yeye na nyumba yake.

KAZI YA WATOTO KWA JUMA HILI

Ya kwanza: kikapu cha siku 6 kina punje ngapi? Je, namba hiyo ni tasa? Ya pili: onyesheni kwamba 496 ni namba kamilifu, kwa kuandika vigawanyo vyake vyote tisa. Ya tatu, kwa wakubwa: kikapu cha siku 13 kina punje 8 191. Tumieni sheria ya Fermat: maradufu ya 13 ni 26, basi jaribuni 27, 53 na 79 tu, maana inayofuata, 105, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe hupita 8 191. Mkiona hakuna inayogawanya, mmehakiki namba tasa kwa mikono yenu wenyewe, wala hamkuhitaji neno la mtu.

Majibu tutayatoa juma lijalo, Mungu akipenda. Kaeni na amani.